Injini ya Corolla inapochoka: ipi ifungwe mahali pake katika milima ya Burundi?

Mtaa wa Mushasha umo mjini Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Gari litokalo Bujumbura huanza safari kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 800 hivi, likapanda hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, kisha likapinda kuelekea Muramvya na Gitega. Katika barabara hiyo Toyota Corolla za miaka ya 1990 zingali zikibeba abiria na mizigo, na mlima wa Bugarama umezimaliza injini nyingi.

Dalili zinafahamika: moshi wa bluu, oili inayopungua bila kuvuja popote, na mteremko wa kupanda uliokuwa ukitoshwa na gia ya tatu sasa wadai ya pili. Mwenye gari hubaki na njia mbili. Aifungue injini na kubadili ringi, beringi na gasketi, ama anunue injini iliyotumika, aghalabu ya kutoka Japani, na kuifunga nzima. Kwa kuwa fedha za kigeni ni adimu nchini Burundi, vipuri vipya vya kuagizwa ni ghali, na wengi huvutwa na njia ya pili. Kwa dereva wa teksi hiyo ni akiba ya miaka, nayo hailipwi mara mbili.

Soma bloku kabla ya kwenda dukani

Neno "Corolla" pekee halimsaidii muuzaji. Gari la toleo la E100, lililoanza kutengenezwa 1991, lilitoka kiwandani likiwa na injini za jamii mbalimbali: 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331, 5A-FE ya 1,498, 4A-FE ya 1,587, na 2C ya dizeli ya 1,974. Herufi hizo hugongwa kwenye bloku lenyewe. Ziandikwe kama zilivyo, pamoja na aina ya giaboksi.

5A-FE na 4A-FE ni ndugu wa tumbo moja. Pistoni za zote mbili husafiri milimita 77. Kilichotofautiana ni upana wa silinda, milimita 78.7 kwa ya kwanza na 81 kwa ya pili. Aliyeikosa 5A-FE anaweza kufunga 4A-FE bila kukata wala kuchomelea chuma, ila inafaa aichukue pamoja na kompyuta yake, kwani vipimo vya mafuta vya injini hizo si sawa. Mwenye 4E-FE yuko katika hali nyingine. Hiyo ni jamii tofauti, yenye giaboksi na vishikizo vyake, na kwake njia nyepesi ni kutafuta 4E-FE nyingine.

Ushawishi wa injini ya Probox

Tangu Probox na Corolla za baadaye zijae Afrika Mashariki, 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497 imekuwa injini inayopatikana kwa wingi. Hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na haina kiu ya mafuta. Si ajabu muuzaji kuipigia debe.

Tatizo huonekana boneti likishafunguliwa. Katika injini za jamii ya A, egzosi hutokea upande wa mbele na hewa huingilia nyuma. Katika 1NZ-FE mambo yamegeuzwa. Bomba la egzosi, mipira ya maji na njia ya hewa vyote hupangwa upya. Badala ya distribyuta moja, kila plagi ina koili yake, kwa hiyo waya na kompyuta lazima vibadilishwe. Kazi hii inawezekana, lakini kwa gari la kutafutia riziki haifai, isipokuwa mtu amenunua kipande chote cha mbele cha gari lililokatwa, na ana fundi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo.

Hewa nyepesi, mafuta adimu

Shinikizo la hewa mjini Gitega ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho: yenye nguvu za farasi 100 Dar es Salaam hufanya kazi kama ya 85. Ndiyo maana gari la 1,300 lililojaa abiria hulemewa huku.

Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani huendelea kumimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ilhali injini yenye kompyuta hupima hewa na kupunguza mafuta. Katika nchi ambayo foleni za petroli, au esansi kama wengi waitavyo, zimejirudia kwa miaka, hoja hiyo ni nzito. Kabureta ina sifa moja tu ya kuitetea: ikizibwa na petroli chafu ya madumu, fundi huisafisha kwa mkono. Kuhusu 2C, silinda hedi yake ya alumini hupasuka upesi injini ikichemka, na mazutu nayo huadimika.

Kabla ya kulipa

Injini nyingi hupatikana Buyenzi, mjini Bujumbura. Wakazi wa Muyinga wako jirani na mpaka wa Kobero, panapopita malori ya kutoka Dar es Salaam. Anayenunua ng'ambo adai karatasi za forodha. Kadi ya gari nayo isomwe: ikiwa imetaja namba ya injini, mabadiliko yaandikishwe.

Kipimo cha mgandamizo wa silinda ndicho hakimu. Kwa 4A-FE nzima ni takriban pauni 190 kwa inchi ya mraba. Chini ya 142 haifai, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya pauni 14. Muuzaji asiyeruhusu kipimo aachwe. Kifuniko cha oili kikiwa na utando mweupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

Injini ikiwa bado chini, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sahani ya klachi na sili ya nyuma ya krankishafti vibadilishwe papo hapo, kwa maana kuvifikia baadaye ni kulipa kazi upya. Rejeta ya zamani isirudishwe kabla ya kufunguliwa na kusafishwa. Mara nyingi ndiyo iliyoiua injini ya kwanza.