Mwili wa Mti na Mwili wa Mashine: Vigango vya Wagiriama na Suala la Utambulisho katika Sanaa

Tangu mwaka 2022, mashine za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, zimeenea katika kazi ya kuchora watu. Mtu huandika maneno machache, na mashine humtolea uso, mikono na mavazi ya binadamu ambaye hajapata kuzaliwa. Wataalamu wa sanaa wanauliza: mwili huo ni wa nani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si geni katika pwani ya Kilifi na Malindi. Wagiriama walilijibu zamani kwa njia ya vigango, na historia ya vigango katika nusu karne iliyopita yatuonya juu ya jambo ambalo wajadilio akili unde aghalabu hulisahau.

Kwanza yafaa tueleze istilahi. Msomaji aliyezoea lugha ya kanisa Katoliki hulijua neno kigango kwa maana ya tawi la parokia. Hiyo siyo maana tunayoikusudia hapa. Kwa Wagiriama na baadhi ya Wamijikenda wengine, kigango ni nguzo iliyochongwa kwa ukumbusho wa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Nguzo hiyo huchongwa kwa mti mgumu usioliwa na mchwa upesi, nayo huweza kupita kimo cha mtu. Mzee ambaye hakuingia Gohu hakusimamishiwa kigango. Yeye huwekewa kijiti kidogo kiitwacho koma, na neno hilo hilo ndilo jina la roho ya mhenga.

Tukikichunguza kigango kwa makini, twaona kwamba ni mwili, lakini mwili usio na mfano wa mtu fulani. Kina kichwa, pengine cha mviringo, pengine bapa. Kina shingo na kiwiliwili. Hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili ni ubao mrefu uliojaa nakshi za pembetatu, zilizotiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mgeni akiviona vigango viwili vya ndugu wawili hawezi kusema kipi ni cha nani. Hata hivyo, kwa wenye mji hakuna shaka yoyote: huyu ni fulani bin fulani. Hutajwa kwa jina, humwagiwa tembo, hufungwa vitambaa, huombwa radhi.

Utambulisho huo watoka wapi, ikiwa sura haipo? Jibu lina sehemu tatu. Upo katika jina linalotamkwa mbele ya nguzo. Upo katika mahali, kwani kigango hakihamishwi. Familia ikihama, huachwa pale pale mpaka kioze. Na upo katika wajibu: marehemu huja ndotoni kudai asimamishiwe, na walio hai hudaiwa kumtunza. Kwa hiyo kigango si picha ya mtu. Ni mtu mwenyewe kwa namna nyingine ya kuwapo.

Mambo haya matatu ndiyo yaliyovunjwa na biashara. Hasa tangu miaka ya 1970, vigango viling'olewa usiku katika miji ya Wagiriama, vikapitia mikononi mwa wauzaji wa vinyago, vikasafirishwa hadi Marekani. Huko vilipewa jina jipya: sanaa. Monica Udvardy na Linda Giles, wakishirikiana na John Mitsanze, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya uchunguzi wao: walikuwa wamepata vigango 294 katika majumba 19 ya makumbusho nchini humo. Kadi za majumba hayo ziliweza kutaja kabila, kimo na aina ya mti. Jina la marehemu halikuwamo. Mwili ulifika, mtu alibaki njiani.

Katika vigango hivyo vyote, viwili vilipata bahati. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa amesimama kando ya vigango vya ndugu zake. Aliporudi kumpelekea picha, mzee alimwambia kwamba vigango vimeibwa, akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika nchini Marekani, Udvardy alikiona kimoja katika picha zilizoonyeshwa ukutani. Kilikuwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya. Linganisha na vigango 30 vilivyorejeshwa mwaka 2019 na Denver Museum of Nature & Science. Hivyo vilirudi nchini, lakini havikuwa na ushahidi wa kuvipeleka kwenye mji wa mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye mashine. Lugha yetu inatusaidia kuona tofauti. Sanamu huchongwa, chombo huundwa. Mchongaji huanza na mti mmoja na marehemu mmoja, akaondoa kisichohitajika. Muundaji hukusanya mbao nyingi akaziunganisha. Neno akili unde kwa hiyo lasema kweli kuliko lilivyokusudiwa, maana picha ya mashine yatokana na mkusanyo. Mkusanyo wa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, uliorodhesha picha zaidi ya bilioni 5.8 pamoja na maneno yaliyoandamana nazo. Ukiiagiza mashine ikuchoree mzee wa Kigiriama, haina mzee inayemjua. Ina picha zilizoandikwa maneno kama hayo na watu wengine, kwa haja zao wenyewe. Itakupa mikunjo ya uso na kofia, na sura itakayomridhisha mgeni. Ni kinyume kamili cha kigango: hapa sura ipo, lakini jina, mahali na wajibu havipo.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba picha isiyo ya mtu haimwibii mtu. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mchoro wa hadithi au wa tangazo twaweza kuikubali. Wachongaji wa Malindi nao huchonga miili isiyo ya mtu ili kuwauzia watalii, wala hatuwalaumu. Hatari iko kwingine. Kilichowarudisha ndugu wa Kalume Mwakiru ni picha ya mwaka 1985, na picha hiyo iliaminiwa kwa sababu kila aliyeiona alijua kwamba kamera ilikuwapo pale, na mzee alikuwapo pale, na nguzo zilikuwapo pale. Katika dunia ambamo yeyote aweza kuunda picha ya mzee na vigango viwili kwa dakika moja, mwenye kushikilia mali ya wizi amepata jibu jipya: nani ajuaye kama picha yenu si ya mashine? Familia itakayodai haki yake kesho itahitaji zaidi ya picha.

Hapo ndipo kazi yetu sisi wa taaluma za lugha inapoingia. Misitu ya kaya imeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na ni jambo jema. Lakini orodha ya misitu haitaji majina ya marehemu. Hapana budi tukusanye, kwa Kigiriama chenyewe na kwa idhini ya wenye mji, maneno yanayosemwa mbele ya kila kigango kilichobakia: jina, nasaba, mahali, aliyekisimamisha na sababu yake. Ushuhuda huo uwe na majina ya walioutoa na siku walipoutoa, nao uhifadhiwe kwao kabla ya kuhifadhiwa kwetu. Mashine yaweza kuunda uso wowote iagizwao. Haiwezi kuwa mtoto wa ndugu anayesimama mahakamani akasema, huyu ni baba yangu mdogo, na alisimama hapa.