Petroli Nayo Ilianzia Duka la Dawa

Nawasikia watu wakiyabeza magari ya umeme: "Utachaji wapi?" Nami nawauliza, petroli ilianzia wapi? Mwaka 1888 Bertha Benz wa Ujerumani aliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, takriban kilomita 100. Vituo vya mafuta havikuwapo. Alipofika Wiesloch alinunua mafuta ya kutolea madoa katika duka la dawa. Mwaka 1897 teksi za umeme zilianza kazi New York. Betri ikiisha, ilibadilishwa kituoni. Petroli ilishinda baadaye, na sababu mojawapo ni kwamba ilibebeka kwa debe hadi vijijini, ambako umeme haukufika. Basi tusibishane juu ya magari tu. Tuulize: vituo vitajengwa na nani, na wapi?