Malazi na vituo vya safari ya gari katika mikoa ya Shinyanga na Geita

Malazi na vituo vya safari ya gari katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni mahali ambapo watu wanaosafiri kwa magari yao, pamoja na madereva wa mabasi na malori, hulala, hula, hujaza mafuta na kupumzika wanapopita katika ukanda wa pamba, almasi na dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Ukanda huu hauna hoteli nyingi za kitalii kama Arusha au Zanzibar. Wageni walio wengi hulala katika nyumba za kulala wageni, ambazo watu huziita gesti au lojingi. Umbali unaoonekana kwenye ramani hausaidii sana kuamua mahali pa kulala. Yanayoamua zaidi ni saa ya kuzama kwa jua, hali ya barabara na usalama wa gari.

Barabara na mwanga wa jua

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Igunga na Nzega. Inapofika Tinde, katika Mkoa wa Shinyanga, hugawanyika: tawi moja huenda Shinyanga mjini hadi Mwanza, na jingine huenda Isaka, Kahama na hatimaye mpaka wa Rwanda huko Rusumo. Geita hufikiwa kwa urahisi zaidi kutoka Mwanza kwa kupitia Kigongo na Busisi.

Safari ya Dar es Salaam hadi Shinyanga ni ya takriban kilomita 1,000. Wapo wanaoimaliza kwa siku moja kwa kupokezana usukani, lakini dereva aliye peke yake hufanya vema kuigawa, akilala Dodoma (takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam) au Singida (takriban kilomita 240 mbele yake). Anayelala Singida huvuka mteremko wa Sekenke na bonde la Wembere asubuhi, akiwa bado na nguvu. Mteremko huo una kona kali na malori mengi mazito, na si mahali pa kufika macho yakiwa yamechoka.

Kwa kuwa mikoa hii iko magharibi ya Dar es Salaam huku nchi nzima ikitumia saa moja, jua la Shinyanga huzama takriban dakika 20 baada ya lile la Dar es Salaam, yaani karibu na saa 1 jioni. Nyongeza hiyo ndogo huwadanganya wageni wakadhani bado wana muda wa kutosha. Jioni ndiyo saa ya ng'ombe kurudi zizini, na katika Usukuma makundi ya ng'ombe hutumia barabara ileile ya magari. Huwapo pia mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyoharibika ambayo onyo lake pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa nyuma yake barabarani. Dereva anayejua mambo haya hutafuta chumba kuanzia saa 10 alasiri na kulifungia gari ndani ya geti kabla ya saa 12.

Historia

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyokuwa ikitoka pwani kupitia Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ililala katika kambi na vijiji vilivyokuwa na maji na chakula cha kununua. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni zake, mfano Isaka, zikawa mahali pa wageni kulala. Baadaye Isaka ikawa bandari ya nchi kavu kwa mizigo ya Rwanda na Burundi. Hadi leo ni mji wa malori, wenye vyakula vya usiku na vyumba vya madereva na matingo wao.

Kanuni iliyobadilisha zaidi desturi ya kulala njiani ni katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku, lililowekwa katika miaka ya 1990 kutokana na ajali. Basi lililochelewa lilisimama katika mji uliokuwa karibu hadi alfajiri. Abiria mwenye fedha alitafuta gesti. Asiye nazo alilala kwenye kiti chake au kwenye benchi la stendi. Nyumba nyingi za wageni zilizo karibu na stendi ziliishi kwa wateja wa namna hiyo. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri saa 24, na kulala stendi kukapungua. Katazo hilo lilihusu mabasi, si magari binafsi, lakini hatari zilizosababisha liwekwe bado zipo barabarani.

Badiliko jingine lilikuja mwaka 2025, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lilipofunguliwa. Kabla yake msafiri wa Mwanza na Geita alivuka kwa kivuko, na aliyekuta foleni ndefu hakujua atafika saa ngapi. Sasa safari ya Geita inaweza kupangwa kwa saa, na hakuna haja ya kuweka usiku mmoja wa akiba upande wa Mwanza.

Mhunze na Wilaya ya Kishapu

Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, iliyotengwa kutoka Wilaya ya Shinyanga Vijijini mwaka 2002. Mji huu hauko kwenye barabara kuu. Msafiri huiacha barabara ya Mwanza pale Kolandoto, kaskazini mwa Shinyanga mjini, kisha huenda takriban kilomita 50. Njia hiyo huendelea hadi Lalago na Mwanhuzi, na kwa Daraja la Sibiti huunganika na Mkoa wa Singida.

Udongo wa sehemu hizi ni mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hushika magurudumu kama gundi. Katika miezi ya mvua, yaani Novemba hadi Aprili au Mei, mwenye gari dogo anayetaka kwenda mbali zaidi ya Mhunze kwa njia za udongo huuliza kwanza madereva wa mabasi madogo waliotoka huko siku hiyohiyo. Habari zao ni mpya kuliko ramani yoyote. Mafuta pia ni vema kuyajaza Shinyanga mjini kabla ya kukata kona ya Kolandoto.

Mhunze ina gesti ndogo zinazotosha kwa watumishi wa serikali walio kikazi, wafanyabiashara na wageni wa misiba au harusi. Msimu wa kununua pamba, unaoanza kwa kawaida mwezi Mei, unaweza kuzijaza, na vilevile mikutano ya halmashauri. Kwa sababu hiyo mtu hupiga simu kwanza; akikosa nafasi, hulala Shinyanga mjini na kwenda Mhunze asubuhi. Kituo kingine ndani ya wilaya ni Maganzo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, na biashara ya vito bado huleta wageni Maganzo.

Kuchagua nyumba ya wageni

Kwa wenyeji wengi neno hoteli bado lina maana ya mahali pa kula. Mgeni anayeuliza hoteli iko wapi anaweza kuelekezwa kwa mama lishe, akapata wali maharage badala ya kitanda.

Vyumba viko vya aina mbili kuu: vile ambavyo choo na bafu ni vya pamoja uani, na vile vyenye choo na bafu ndani, viitwavyo selfu. Selfu haina maana kwamba maji yanatoka. Bomba la maji ya Ziwa Viktoria limeleta nafuu kubwa katika miji ya Kahama na Shinyanga tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, lakini katika miji midogo ndoo iliyojaa maji bafuni ni dalili njema, si aibu.

Kuomba kuona chumba kabla ya kulipa ni jambo la kawaida, na mhudumu hachukizwi. Mgeni huangalia kama chandarua hakina matundu, kwa kuwa malaria bado ni tatizo kubwa hasa upande wa Geita. Huangalia pia kama mlango una komeo kwa ndani, na kama ua una ukuta, geti na mlinzi wa usiku. Baa ikiwa ndani ya ua huohuo, muziki unaweza kuendelea hadi usiku wa manane, na dereva asiyelala vizuri ni hatari kesho yake. Familia na wanawake wanaosafiri peke yao mara nyingi huchagua nyumba za wageni za makanisa, ambazo huwa na utulivu zaidi.

Kila nyumba yenye leseni huwa na kitabu cha wageni, ambamo huandikwa jina, mahali mtu atokako, aendako na kazi yake. Gesti bubu, yaani ile isiyo na leseni, haina kitabu wala risiti. Bei yake ni ndogo, lakini aliyeibiwa humo hana hata karatasi ya kuonyesha polisi kwamba alilala hapo.

Maeneo ya machimbo

Katika Geita, Kahama na vijiji vya Kakola, Nyarugusu na Katoro, bei ya chumba hufuata dhahabu. Habari za dhahabu mpya zikienea, watu humiminika, na vyumba vya miti na maturubai husimamishwa ndani ya siku chache. Hivyo havimfai msafiri mwenye gari na watoto. Geita mjini na Kahama mjini kuna nyumba nzuri zaidi.

Chakula na kupumzika

Mabasi husimama kwenye migahawa mikubwa ya njiani kwa dakika chache, na abiria wengine huomba kusimamishwa porini ili kuchimba dawa, desturi ambayo mamlaka hupinga. Mwenye gari lake ana uhuru wa kukaa muda mrefu zaidi. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vinafaa sana kwa safari kwa sababu haviharibiki. Upande wa ziwa hupatikana sato na sangara.

Kuelekea Rwanda

Anayepita Kahama kwenda Rusumo huendesha mwendo mrefu katika nchi yenye miji michache. Zamani mabasi yalisindikizwa na polisi katika misitu ya upande wa Biharamulo kwa sababu ya majambazi. Nchini Rwanda magari hupita kulia, na saa zao ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja. Anayevuka asubuhi hupata mchana mzima wa kuzoea upande mpya wa barabara.