Nukuu, Maelezo Upya na Jina la Msimulizi: Funzo kutoka Historia ya Kilimanjaro

Katika mafunzo ya uandishi wa kitaaluma, wanafunzi huelezwa kwamba kunukuu na kueleza upya kwa maneno mengine ni kinga dhidi ya wizi wa kitaaluma. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haijitoshelezi. Huifanya marejeleo ionekane kama kibali cha kumwepusha mwandishi na adhabu, ilhali kazi yake ya msingi ni kumwonesha msomaji nani anasema, na anasema akiwa upande gani.

Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki mwaka 1927, aliandika habari za tawala za Wachaga. Kathleen Stahl alipochapisha historia yake ya Wachaga mwaka 1964, aliitumia miswada ya Mtui pamoja na masimulizi ya wazee, na akamtaja kwa jina. Utajaji huo haukuwa heshima tu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine. Yapo masimulizi yanayomtuhumu Mangi Marealle wa Marangu, hasimu wa Moshi, kwamba alichochea mkasa huo. Habari ya kisa hiki iliyoandikwa na mtu wa Marangu ina thamani kubwa, ila sharti isomwe kwa kujua ilikotoka. Mtafiti akiieleza upya kwa ufasaha na kuliacha jina, madai ya upande mmoja hugeuka kuwa ukweli wa wote. Maneno yamebadilika, wizi umebaki, na juu yake umeongezeka upotoshaji.

Pwani nako kuna mfano unaofanana. Kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilitolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya J. W. T. Allen ililiweka jina la Mtoro katika anwani. Kwa takriban miaka themanini, aliyekitafuta kitabu hicho kwa jina la mwandishi alielekezwa kwa mhariri.

Kutokana na mifano hii, uteuzi kati ya njia hizo mbili haupaswi kuwa wa mazoea. Nukuu inafaa pale ambapo maneno yenyewe ni ushahidi: shutuma, cheo, au istilahi ya Kichaga isiyo na kisawe. Maelezo upya yanafaa pale ambapo kinachohitajika ni hoja au mfuatano wa matukio. Kwa vyovyote vile, jina la msimulizi haliachwi.

Anayesimama Njoro, mjini Moshi, na anayesimama Marangu huutazama mlima mmoja, lakini Kibo na Mawenzi havikai mahali pamoja machoni mwao. Msomaji anayeelezwa mlima ulivyo ana haki ya kuelezwa pia msimulizi alisimama wapi.