Kompyuta Ilijifunzaje Vitenzi?

Mwanafunzi mpendwa, mtazame mtu anayepita mbali wakati wa magharibi. Uso wake huuoni, lakini unajua kama anatembea, anakimbia au anachechemea. Mwaka 1973, mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, alichapisha majaribio juu ya uwezo huo. Aliwafunga watu taa ndogo kwenye viungo vya mwili, hata filamu yake ikaonyesha nukta nyeupe gizani. Zikitulia, nukta hizo hazikuwa na maana. Zikisogea, watazamaji walimtambua mtembeaji papo hapo.

Kompyuta ilihitaji kufundishwa. Mwaka 2004, watafiti wa Stockholm walitumia video za watu 25 wakifanya vitendo sita: kutembea, kukimbia polepole, kukimbia kwa kasi, kurusha ngumi, kupunga mikono na kupiga makofi. Hawakuieleza kompyuta kanuni za kila kitendo. Waliipa mifano yenye majina, kisha wakaipima kwa video ambazo haikuwahi kuziona. Ilichanganya hasa mbio za polepole na mbio za kasi. Wala tusiicheke: mchakamchaka wa mtu mmoja ulifanana na mbio za mwenzake.

Mwaka 2017 ulitolewa mkusanyo uitwao Kinetics, wenye aina 400 za vitendo. Hata hivyo, orodha hiyo nayo iliandikwa na watu. Kompyuta iliyofundishwa vitenzi sita tu, ikimwona mcheza ngoma, itampachika kimojawapo cha hivyo sita.

Ndiyo maana jambo hili limeingia bungeni. Mwaka 2023, kuelekea Michezo ya Olimpiki ya Paris, Ufaransa ilitunga sheria ya kuruhusu kwa majaribio kamera zenye programu za namna hii. Utambuzi wa nyuso ulikatazwa, na programu iliruhusiwa kutoa tahadhari tu. Uamuzi ulibaki kwa binadamu. Watetezi wa haki, Amnesty International miongoni mwao, walipinga. Amri ya serikali iliyofuata ilitaja matukio manane, yakiwemo moto, silaha, msongamano wa watu, na mtu aliye chini baada ya kuanguka. Soma tena hilo la mwisho, msomaji wangu. Aliyejilaza kando ya njia kwa kuwa hana nyumba hakutajwa, lakini mbele ya kamera wote wawili wako chini.