Klachi Mbili na Milima ya Rungwe

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walisema hayo kuhusu vyombo vya baharini, lakini sisi wa nyanda za juu tunaweza kuyasema pia kuhusu vyombo vya barabarani. Siku hizi mtu akisimama kando ya barabara iendayo Kyela kutoka Mbeya, hapa wilayani Rungwe, atayaona magari madogo ya familia yakipanda na kuteremka kimya kimya, dereva ameshika usukani, mguu wake wa kushoto umepumzika. Gia zinajibadilisha zenyewe. Wachache wanajiuliza zinabadilishwa na nini, na wachache zaidi wanajiuliza kama hicho kinachozibadilisha kiliundwa kwa ajili ya milima kama hii yetu.

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya aina moja ya giaboksi, yaani ile yenye klachi mbili, ambayo sasa imefika hata katika vijiji vyetu vya Lufingo. Mimi si fundi wa magari. Nimekuwa mwalimu, na baadaye mwalimu mkuu, mpaka nilipostaafu. Lakini chuoni ualimu ulinifunza kwamba jambo nisiloweza kumweleza mtoto wa darasa la tano, mimi mwenyewe bado sijalielewa. Kwa hiyo nimelisoma jambo hili na kuwauliza mafundi, mpaka nikaona naweza kulieleza.

Kwanza tuitazame barabara yenyewe. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,500. Ukiendelea kaskazini kwenda Mbeya unapanda tena hadi Isongole, ambako umepita mita 2,000, kisha unateremka kuelekea Igawilo na Uyole. Gari litokalo Kyela asubuhi limekwea mlima mzima kabla ya mchana. Ongeza hapo mvua zetu zisizokwisha, na njia za udongo zinazotoka barabara kuu kwenda kwenye mashamba ya chai na migomba, zenye utelezi na makorongo. Hapa kwetu, kuanza mwendo gari likiwa limesimama mlimani ni kazi ya kila siku.

Tatizo la mlima lina umri sawa na gari lenyewe. Mwaka 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyetengeneza gari la kwanza la petroli huko Ujerumani, aliwachukua wanawe wawili wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilometa 100. Tunaweza kusema hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari la familia duniani. Penye vilima injini ilishindwa, na ikabidi gari lisukumwe. Aliporudi nyumbani, mama huyo alimshauri mumewe aongeze gia ya kupandia mlima. Sisi tuliokua tukipanda malori ya zamani tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Tulimwona utingo akiruka chini na gogo mkononi ili kulizuia tairi la nyuma, huku dereva akikanyaga klachi na kutafuta gia namba moja kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde.

Klachi ni nini? Ni sahani zinazounganisha nguvu ya injini na giaboksi, au kuitenganisha. Kila gia inapobadilishwa ni lazima nguvu ikatwe kwanza, kisha irudishwe. Katika muda huo mfupi wa kukatwa gari halivutwi na kitu, na mlimani linapoteza mwendo.

Mwaka 1939 palitokea majibu mawili tofauti kwa tatizo hilo. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilianza kuuza giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, ambayo iliweka mafuta mahali pa klachi. Injini inayazungusha mafuta, na mafuta yanazungusha giaboksi. Kwa kuwa mafuta hayasagiki kama sahani, gari linaweza kusimama na gia ikiwa ndani bila kuunguza kitu. Jibu hilo liliboreshwa kwa miaka mingi, na ndilo lililomo katika otomatiki za kawaida ambazo mafundi wetu wamezizoea.

Jibu la pili lilitoka Ufaransa, kwa mhandisi Adolphe Kégresse. Mtu huyu ana uhusiano na Afrika Mashariki ambao wengi hawaujui. Kabla ya mapinduzi ya 1917 alikuwa akihudumia magari ya Mfalme wa Urusi, na huko alibuni mikanda ya mpira iliyowekwa mahali pa magurudumu ya nyuma ili gari lisizame katika theluji. Aliporudi kwao, kampuni ya Citroën iliichukua mikanda hiyo kwa ajili ya mchanga na matope. Mwezi Oktoba 1924 msafara wa magari manane ya namna hiyo uliondoka Algeria kuvuka bara letu. Walipofika Kampala mwaka 1925 waligawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, moja Dar es Salaam kupitia Tanganyika, moja Msumbiji, na moja Afrika Kusini. Kwa hiyo kazi ya mikono ya Kégresse ilikanyaga udongo wa nchi hii miaka 100 iliyopita.

Wazo lake la 1939 lilikuwa hili: badala ya klachi moja, ziwe mbili. Klachi moja ihudumie gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine ihudumie ya pili na ya nne. Msomaji na afikirie darasa lenye walimu wawili. Mmoja anafundisha, na wakati huohuo mwenzake amekwisha andika somo linalofuata ubaoni nyuma ya pazia. Kengele ikilia, huyu anatoka na yule anaingia, watoto hawapati nafasi ya kupiga kelele. Hivyo ndivyo gia inavyobadilika bila nguvu kukatika. Kégresse alikusudia giaboksi hiyo itumike katika gari la Citroën, lakini vita vya pili vya dunia vikaja, naye akafariki mwaka 1943 bila kuona ikiuzwa.

Wazo hilo lililala kwa sababu kuwaongoza walimu wawili kwa pamoja kunahitaji msimamizi mwepesi sana, na msimamizi huyo hakuwapo mpaka ilipokuja kompyuta. Katika miaka ya 1980 Porsche waliijaribu katika magari ya mashindano, na mwaka 1986 gari lao aina ya 962 lilishinda mbio za Monza likiwa na klachi mbili. Mwaka 2003 Volkswagen wakaitia katika Golf, gari la watu wa kawaida. Hiyo ya kwanza ilikuwa na gia sita, na klachi zake zilioga katika mafuta. Mafuta hayo yanapoza joto, lakini ni lazima yabadilishwe kwa wakati wake, kila baada ya kilometa 60,000.

Mwaka 2008 wakatoa nyingine ya gia saba yenye klachi kavu, kwa magari yenye injini ndogo. Klachi kavu ni nyepesi na huokoa petroli, lakini joto lake halina pa kwenda isipokuwa hewani. Hapo ndipo shida zilipoanza kujitokeza. Huko China madereva walilalamika sana, na mwezi Machi 2013, baada ya televisheni ya taifa kulitangaza jambo hilo, kampuni ililazimika kuyaita magari 384,181 yarudi kutengenezwa. Novemba mwaka huohuo iliita mengine 1,600,000 duniani ili mafuta ya sintetiki yaliyomo katika giaboksi yaondolewe na kutiwa mafuta ya madini. Sababu iliyotolewa inafaa kuzingatiwa na msomaji wa Afrika Mashariki: mafuta yale yaliweza kuleta hitilafu ya umeme hasa katika nchi zenye joto, na katika mwendo wa kusimama na kuondoka mara kwa mara.

Ford nao walikuwa na giaboksi ya klachi mbili kavu katika Focus na Fiesta. Magari yalitetemeka yanapoanza mwendo. Mwezi Aprili 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola 10,000,000 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamika, kwa kuwa wengine waliambiwa kwamba mtetemeko ule ulisababishwa na uendeshaji wao, ilhali kampuni ilikwisha kujua kwamba kuna kasoro. Mimi niliyefundisha naona hapo somo la zamani sana. Darasa zima likifeli hesabu, mwalimu mvivu husema watoto ni wajinga. Mwalimu mwaminifu hulitazama somo lake upya.

Honda walianza kuuza Fit ya hybridi yenye klachi mbili huko Japani mwezi Septemba 2013. Kufikia Oktoba 2014 ilikwisha itwa irudishwe mara tano kwa sababu mbalimbali, na wakuu wa kampuni wakakubali kupunguziwa mishahara. Fit mpya iliyotoka mwaka 2020 haikuwa tena na klachi mbili. Hata hivyo magari yale ya awali hayakutoweka. Mengine yamepakiwa melini, kwa maana Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wao wa magari hufanya gari kuukuu kuwa ghali kulitunza. Tangu biashara ilipolegezwa hapa nchini katika miaka ya 1980, njia hiyo ndiyo iliyowapatia watu wa kawaida magari. Lakini gari likivuka bahari, barua ya kuliita lirudi kurekebishwa haivuki nalo.

Jambo hili lilinigusa pale mwipwa wangu, ambaye naye ni mwalimu, alipokuja kuniaga kwamba anachukua mkopo wa SACCOS anunue gari. Ana mke na watoto wanne, na mama yake mgonjwa hupelekwa Mbeya hospitali kila mwezi. Alikwisha chagua gari dogo la klachi mbili. "Shikamoo mjomba," aliniambia, "nimelijaribu Dar es Salaam, linateleza kama mtumbwi."

Nilimwitikia, kisha nikamwuliza, "Ulilijaribu mlima gani?"

Alicheka, lakini tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja mjini Tukuyu, mtu mzima aliyeanza na magari ya gia za mkono. Fundi alisema, "Mwalimu, klachi ya kawaida naibadilisha hapa chini ya mti. Hii inataka kompyuta ya kuisomesha upya baada ya kufungwa. Likikwama Isongole usiku, mimi nitakuletea kamba tu." Sikuona kwamba alisema hivyo kwa kuogopa mambo mapya. Alijua mipaka ya vifaa vyake, na huo ni uaminifu.

Mwipwa wangu alifikiri wiki mbili, akanunua gari la otomatiki ya kawaida, lenye umri zaidi na sura mbaya kidogo. Mkopo ni wa miaka minne. Giaboksi ikifa katika mwaka wa kwanza, deni lingebaki na safari za hospitali zingekatika. Kwake hilo lilikuwa na uzito kuliko ulaini wa mwendo.

Nisieleweke vibaya. Klachi mbili si uchawi wala si ubovu. Zile zinazooga katika mafuta zimesifiwa kwa kudumu pale zinapohudumiwa, na katika mteremko zinashika injini barabara kama gia za mkono, jambo lenye faida kubwa kwetu. Aliye nalo gari la namna hiyo na azingatie machache. Asilizuie mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, maana hapo klachi zinasagana na kuungua, atumie breki. Katika foleni aache nafasi, kisha aende mara moja kuliko kutambaa. Akiteremka, achague mwenyewe gia ya chini ili breki zipumzike. Mafuta ya giaboksi yawe yale yaliyoandikwa kitabuni, si yale yaliyopo dukani. Na kabla ya kununua, apeleke namba ya chesisi kwa watengenezaji ili ajue kama gari liliwahi kuitwa na kama lilirekebishwa.

Wahenga walisema pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba uimara wa chombo haumo katika chuma peke yake. Umo katika hewa inapotumika, mafuta yanayotiwa, fundi aliye karibu, na ukweli wa anayeuza. Kégresse mwenyewe alilijua hilo: alipopewa theluji alitengeneza mikanda ya theluji, na mikanda hiyo ilipopelekwa jangwani ilibidi ijaribiwe kwanza mchangani. Kijana wa Rungwe anayetaka gari na afanye vivyo hivyo. Alipandishe mlima wa kwao, akiwa na mzigo na watu watano ndani, siku ya mvua, kabla hajahesabu fedha.