Carwyn James (1929-1983): Raga na Lugha katika Historia ya Wales

Historia ya raga nchini Wales kwa kawaida hupima ukubwa wa mchezaji kwa kuhesabu ni mara ngapi alivaa jezi nyekundu ya taifa. Kwa kipimo hicho, Carwyn James ni mtu mdogo: aliichezea Wales mara mbili tu, mwaka 1958, dhidi ya Australia na Ufaransa. Hata hivyo, ni vigumu kuieleza raga ya Wales katika karne ya 20 bila ya kumtaja. Sababu haimo katika mchezo peke yake, bali imo pia katika lugha.

James alizaliwa tarehe 2 Novemba 1929 katika kijiji cha Cefneithin, mkoani Carmarthenshire, akiwa mwana wa mchimba makaa ya mawe. Katika vijiji hivyo Kiwelshi kilikuwa lugha ya nyumbani, ya kanisani na ya mgodini, na raga ilikuwa mchezo wa watu hao hao. Lakini lugha ya cheo ilikuwa Kiingereza. Mwaka 1901 nusu hivi ya wakazi wa Wales walisema Kiwelshi. Kufikia 1961 ilikuwa imebaki robo tu. James alisomea lugha hiyo katika chuo kikuu cha Aberystwyth, akajifunza Kirusi alipokuwa katika jeshi la majini, kisha akafundisha Kiwelshi katika shule ya Llandovery na katika chuo cha ualimu cha Carmarthen.

Uwanjani alivaa nambari 10, mahali panapotaka akili kuliko nguvu. Bahati mbaya, nafasi hiyo ilikuwa imeshikwa na Cliff Morgan, na ndiyo maana alichezea taifa kwa nadra. Kipaji chake kilidhihirika baadaye, katika ukufunzi. Mwaka 1971 aliiongoza timu ya Lions, yenye wachezaji wa Uingereza na Ireland, huko Nyuzilandi. Alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa msemaji: aliwataka wachezaji wafikiri wenyewe, wala hakuwafunga kwa amri. Katika mechi nne kuu walishinda mbili, wakashindwa moja na kutoka sare moja. Hakuna timu nyingine ya Lions iliyoshinda mfululizo wa mechi katika nchi hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1972, klabu yake ya Llanelli iliwashinda Wanyuzilandi hao 9 kwa 3.

Mtu huyo huyo hakutenganisha mchezo na dhamiri. Mwaka 1970 timu ya Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi ilipofika Llanelli, aliwaandaa wachezaji wake, lakini alikataa kuitazama mechi. Mwaka huo huo aligombea ubunge kwa tiketi ya Plaid Cymru, chama cha kitaifa cha Wales, akashindwa.

Linalobaki kuwa kitendawili ni kwamba hakuwahi kuifunza timu ya nchi yake. Mwaka 1974, jina lake lilipopendekezwa, aliwaandikia viongozi wa raga akidai mkufunzi awe na kauli kuu katika uteuzi wa wachezaji. Viongozi hao walikuwa wamezoea kuteua kwa kamati. James aliliondoa jina lake. Baadaye alifunza klabu ya Rovigo nchini Italia, na aliandika na kutangaza habari za raga kwa Kiwelshi na kwa Kiingereza. Alifariki Amsterdam tarehe 10 Januari 1983.

Miezi miwili kabla ya kifo chake, televisheni ya Kiwelshi, S4C, ilikuwa imeanza kurusha matangazo. Na mwaka 2011 sheria ilikipa Kiwelshi hadhi rasmi nchini Wales. Ushindi huo ulikuwa wa wengi. Mchango wa James ni kuonyesha kwamba lugha iliyodharauliwa shuleni na ofisini yaweza kuwa lugha ya kufikiria mambo makubwa, hata mkakati wa uwanjani. Lugha haiishi kwa sheria peke yake. Huishi pale wenyewe wanapoitumia katika kile wanachokipenda.